Mmoja anasema ni umri, mwingine anasema ni MS, dada anataka niache dawa zote

BARUA

Dada Mshauri, salamu.

Nina miaka 49. Miaka 18 iliyopita niliambiwa nina sklerosisi nyingi, maradhi ambayo sisi tunaoishi nayo tunayaita MS tu. Kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Kwangu yalianzia jicho la kushoto, likafifia kama dirisha lenye mvuke, kisha ganzi ikanishika kuanzia kiunoni kwenda chini. Nilipata nafuu, nikaanzishiwa sindano, nikajifunza kuishi nayo. Najua lini nipumzike, najua mguu upi utaniangusha nikichoka. Niseme nilikuwa najua.

Sasa ni miaka miwili hedhi inaruka. Mara ya mwisho kuiona ni miezi saba iliyopita. Joto linanipanda kutoka kifuani hadi usoni bila taarifa, mara sita au saba kwa siku, na usiku ndiyo kabisa. Likishapanda, miguu inalegea, jicho la kushoto linaingia ukungu, na nisipopata pa kukaa naanguka. Usiku naamka shuka limelowa chepechepe. Naenda bafuni nikishika ukuta, najifungia kwa komeo nisionekane, nalala sakafuni, shavu kwenye vigae. Nabaki hapo nusu saa, siku nyingine zaidi, mpaka miguu irudi kuwa yangu. Mwezi uliopita binti yangu alinisikia akaja kugonga. Nikamwambia tumbo linaniuma.

Kazini nashika hesabu. Juzi mbele ya wenzangu nilisoma mstari uleule mara tatu bila kuuelewa, na jina la mtu niliyefanya naye kazi miaka tisa likanipotea mdomoni. Mkojo nao hausubiri tena. Nimeacha kunywa maji kuanzia saa kumi jioni na bado naamka mara nne. Mume wangu amehamia chumba cha pili. Alisema, "Nakuachia nafasi upate usingizi," lakini mimi nilisikia kitu kingine. Tendo la ndoa linaniuma na sijamwambia; kila mara nasema nimechoka.

Nilikwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Akatazama picha za MRI, akasema hakuna doa jipya, hayo ni mambo ya umri, nimwone daktari wa magonjwa ya wanawake. Nikaenda. Nilipotaja MS, daktari huyo aliweka kalamu chini. Akasema kwa ugonjwa wangu hawezi kunipa homoni, na kwamba uchovu na mkojo ni mambo ya mishipa, nirudi nilikotoka. Nikarudi nyumbani na bahasha mbili za vipimo, bila hata kidonge kimoja.

Hapo ndipo dada yangu mkubwa alipoingia. Huyu ndiye aliyeniuguza MS iliponiangusha mara ya kwanza. Alinivalisha soksi kila asubuhi kwa miezi minne. Anasema mwili wangu umejaa kemikali, ndiyo maana unawaka. Ameniletea chupa nne: mitishamba ya kutuliza joto, ya kuchangamsha moyo, ya kuongeza kinga, na vidonge vya nywele na kucha. Anataka niache sindano na kila cha hospitali kwa miezi sita, nifuate ya asili peke yake. Nimeanza chupa zote. Sindano sijajidunga, hii ni wiki ya tatu. Daktari hajui, mume wangu hajui. Na ukweli ni kwamba wiki ya kwanza nilijisikia mwepesi.

Naogopa kuendelea na naogopa kurudi. Nikikataa, namvunja moyo mtu aliyenibeba. Nikikubali halafu nikalemaa, nitamlaumu nani? Haya yote ni ugonjwa au ni umri? Na je, ipo njia ya kuutunza mwili mzima bila kuchagua upande?

Wa Sakafuni

JIBU

Mpendwa Wa Sakafuni,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara nilisimama palepale penye vigae. Pole sana. Umebeba MS miaka 18, sasa mwili unabadilika chini yako usiku usiku, na watu wote waliopaswa kukushika mkono wamekuelekeza kwa mwingine. Mimi si daktari, na yapo humu mambo ambayo lazima yapite kwa wanaokutibu. Lakini tukae, tuyafungue moja moja.

Nianze na swali lako, ni ugonjwa au ni umri. Ninavyoona, swali hilo umerithi kutoka kwenye zile ofisi mbili. Kila daktari aliangalia kipande chake, akakiona kisafi, akakurudisha. Lakini uchovu, usahaulifu, usingizi wa mang'amung'amu, mkojo usiosubiri, ukavu wa uke na maumivu ya tendo la ndoa, moyo mzito: hayo yote yapo kwenye MS na yapo pia kwenye miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi. Hata daktari bingwa hawezi kuyatenganisha kwa kukutazama tu. Na kwako yanashikana mikono. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jinsi wagonjwa wa MS walivyofifiwa na macho baada ya kujitumikisha kimwili. Baadaye ikabainika kwamba joto ndilo lililofanya hivyo. Mshipa uliochubuka utando hupitisha ujumbe kwa shida, na mwili ukipanda joto, hata nusu digrii, ujumbe unakwama. Mwili ukipoa, unapita tena.

Soma tena ulichoandika: joto linapanda, miguu inalegea, jicho linaingia ukungu, unalala kwenye vigae, miguu inarudi. Wakati daktari mmoja anaandika "umri" na mwingine anaandika "MS", wewe umeeleza mlango ambao umri unapitia kuigusa MS yako. Hali hiyo inatisha, lakini hupita mwili ukipoa, na yenyewe haileti jeraha jipya kwenye mishipa. Shambulio jipya la MS lina tabia nyingine: dalili mpya, au ya zamani iliyorudi kwa nguvu, inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Likitokea hilo, usisubiri barua yangu wala ya mtu yeyote, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Nimetaja maambukizi makusudi. Maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuziamsha dalili zote za zamani, na mwenye MS wakati mwingine hasikii hata ule mchomo wa kawaida. Kwa hiyo kabla hatujasema kibofu ni cha umri au cha mishipa, mkojo upimwe. Na maji uliyoyakata, mpendwa, naelewa kwa nini uliyakata, ila mkojo mzito hukichokoza kibofu kikazidi kubana, unakaribisha maambukizi na tumbo kufunga. Wengi hupata nafuu wakinywa vizuri mchana kutwa na kupunguza saa mbili tatu tu kabla ya kulala.

Sasa zile chupa nne. Sina nia ya kuzicheka wala kumcheka dada yako. Kuna jambo ameliona ambalo wale wawili hawakuliona: kwamba wewe ni mtu mmoja, si kibofu hapa na ubongo pale. Ninapotofautiana naye ni kwenye dhana kwamba cha asili hakina madhara. Jani likiwa na nguvu ya kuponya, lina nguvu pia ya kugongana na dawa. Tazama lebo. Chupa ya kuchangamsha moyo mara nyingi huwa na haiperikamu, mmea wa maua ya njano unaoitwa kwa jina la Mtakatifu Yohana. Huo hulifanya ini livunje dawa nyingi haraka kupita kawaida, zikiwemo baadhi ya dawa za MS, na ukichanganywa na dawa za sonona unaweza kuleta hatari kubwa. Ya kutuliza joto ikiwa na kohoshi nyeusi, mmea ambao mizizi yake hutumika kama dawa, yapo matukio machache ya ini kudhurika, na baadhi ya dawa za MS tayari hulitwika ini mzigo. Ya kuongeza kinga ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu shida ya MS ni kinga inayoshambulia pasipotakiwa. Unataka kuichochea kuelekea wapi? Na vidonge vya nywele na kucha, vinavyoonekana havina neno, huwa na bayotini nyingi, vitamini ambayo huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, hasa vya tezi ya shingo. Tezi hiyo ikiyumba nayo huleta uchovu na joto kama lako, kwa hiyo inafaa ipimwe, na ipimwe bila bayotini kuchafua majibu.

Siwezi kujua kilichomo kwenye chupa zako. Zitie zote kwenye mfuko, zisimame mezani kwa daktari au mfamasia, lebo zikiwa mbele.

Kuhusu sindano nitasema wazi, kwa sababu siku zinakwenda. Zipo dawa za MS ambazo ukiziacha ghafla ugonjwa hurudi kwa makali kuliko mwanzo, na zipo ambazo athari ya kuziacha huchelewa kuonekana. Sijui yako ni ipi. Vilevile usirudi kujidunga kimyakimya kesho asubuhi, kwani nyingine zikikatizwa huanzishwa upya kwa utaratibu. Mpigie daktari wako wa mishipa, leo kama inawezekana, umwambie tarehe ya sindano ya mwisho. Yapo pia mazungumzo halali kabisa kuhusu kupunguza au kubadili dawa kadiri umri unavyokwenda, kwa sababu mashambulio hupungua na miaka. Ukitaka mazungumzo hayo, yaanzishe wewe, ukiwa na picha za MRI mkononi. Ni tofauti na kuacha kwa siri.

Uliniambia wiki ya kwanza ulijisikia mwepesi. Nakuamini. Lakini jiulize ulipumzika na nini. Pengine na homa na maumivu ambayo baadhi ya sindano huyaacha kila zinapoingia, na kama ni hivyo, hilo ni lalamiko la kupeleka kwa daktari. Pengine pia na jambo jingine: kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi mtu aliketi nawe, akakusikiliza, akakupa kitu cha kufanya.

Homoni. Daktari aliweka kalamu chini, nawe ukachukua kama mlango umefungwa. Naomba tuugonge tena, kwa upole. Kuna mambo yanayomzuia mwanamke kupewa homoni au kumtaka awe mwangalifu sana: saratani ya matiti, damu iliyowahi kuganda, kiharusi, ugonjwa wa ini, kutokwa damu kusikoelezeka. MS yenyewe haimo katika orodha hiyo. Hofu nyingi ilitoka kwenye utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu homoni hizi, uliotangazwa mwaka 2002, ambao wastani wa umri wa wanawake wake ulikuwa miaka 63. Kufikia 2022, chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi wa Amerika Kaskazini kilisema kwamba kwa aliye chini ya miaka 60, au aliye ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, akiwa hana vizuizi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Hatari zipo, sizifichi. Asiyetembea sana damu yake huganda kwa urahisi, na hapo ndipo wataalamu wengi huchagua estrojeni, ile homoni ya kike inayoshuka miaka hii, ya plasta au jeli ya kupaka kuliko ya kumeza. Mwenye kizazi huhitaji na homoni ya pili, projesteroni, kulinda ukuta wa kizazi. Na wala homoni si tiba ya MS. Ukizichagua, zichague kwa ajili ya joto, usingizi na mifupa. Kwa ukavu na yale maumivu usiyomwambia mumeo ipo estrojeni kidogo ya kuweka ukeni, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno.

Kama moyo wako hautaki homoni, hujabaki mikono mitupu. Gabapentini, ambayo wengi wenye MS huijua kwa maumivu ya mishipa, hupunguza pia jasho la usiku. Oksibutinini ya kibofu hupunguza joto pia, ila dawa za kundi lake zinaweza kuuzubaisha ubongo, na wewe tayari unapigania kumbukumbu. Dawa moja kwa matatizo mawili ni neema, ilimradi mtu mmoja awe anaziona zote kwa pamoja. Tiba ya mazungumzo inayofundisha namna ya kuyachukulia mawazo na mwili imethibitishwa kupunguza usumbufu wa joto, na inasaidia usingizi na hofu pia.

Umeuliza kama ipo njia ya kuutunza mwili mzima. Ipo, na si ya chupa. Ni ya kuchosha kidogo kwa sababu ni ya kila siku. Mazoezi, kwa mfano. Sitakudanganya kwamba yatazima joto. Ushahidi wa hilo ni dhaifu. Lakini hupunguza uchovu wa MS, hushikilia mizani ya mwili, na huitetea mifupa yako, ambayo sasa inashambuliwa pande tatu: estrojeni inashuka, unatembea kidogo, na kama umewahi kupewa steroidi, dawa za kutuliza mashambulio ya MS, nazo zimeipunguza. Waombe kipimo cha uzito wa mifupa na cha vitamini D, na dozi ya vitamini hiyo ifuate kipimo, maana ikizidi nayo hudhuru. Fanya mazoezi umepoa: oga maji ya baridi kiasi kabla, pumzika katikati, acha kabla jicho halijafifia. Mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua MS atakupangia kwa mguu wako ulivyo. Usiku weka chupa ya maji baridi na taulo iliyoloweshwa kando ya kitanda, shuka la pili liwe tayari juu ya kiti, ili ukiamka usilazimike kutembea hadi bafuni kwenye giza na miguu isiyokushika.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi nikupe kazi yako. Kwa wiki tatu, kwenye daftari, andika saa joto lilipopanda, miguu ilichukua dakika ngapi kurudi, ulilala saa ngapi, ulikwenda chooni mara ngapi, na kila ulichomeza, mitishamba ikiwemo. Toa nakala mbili. Kila daktari apate ukurasa uleule, na uombe waandikiane. Kalamu ikiwekwa chini tena, uliza: "Ni kizuizi gani hasa kwangu mimi?" Jibu likikosekana, una haki ya kutafuta daktari mwingine.

Dada yako ndiye niliyemfikiria zaidi. Unaona kumkatalia ni kumlipa ubaya. Lakini je, aliyekuvalisha soksi miezi minne alikuwa anazipenda chupa, au alikuwa anakupenda wewe? Nahisi anaogopa kukuona pale tena, na hofu yake imepata kazi ya kufanya. Huenda akipewa kazi nyingine ataishika kwa nguvu zilezile. Unaweza kumwambia, "Dada, nimekusikia kwamba mwili wangu ni mmoja. Nisindikize kwa daktari, uulize wewe yale ninayosahau." Atakasirika? Inawezekana, kwa muda. Unaweza pia kuamua usimwambie bado mpaka uongee na daktari kwanza. Unamjua kuliko mimi.

Na mumeo. Alisema anakuachia nafasi ulale. Wewe ukasikia, "Ananikimbia." Huenda umesikia sawa. Sina namna ya kujua. Ila yeye naye amesikia "nimechoka" mwezi baada ya mwezi, na hajaambiwa kwamba kuna maumivu. Watu wawili wenye aibu wanaweza kulala vyumba viwili kwa muda mrefu sana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyeondoka. Sikuambii umrudishe chumbani. Pengine kulala mbalimbali kunakusaidia kweli. Anza na sentensi moja tu ya kweli, mchana, mmekaa.

Niandikie tena ukishamaliza daftari, au hata kabla. Usiku wa leo, kama itakubidi ulale tena kwenye vile vigae, lala. Vinakupoza, na mwili wako umejitafutia dawa. Lakini komeo usifunge. Miguu ikikataa kurudi, binti yako aweze kuingia.

Wako,
Dada Mshauri